Msalaba wa juu chini kwenye kiti cha Papa: ni wa Petro au wa yule mwingine?

#1 KijiweNongwa
Wakuu kwema?

Jana kwenye grupu la ukoo shemeji yangu katupia ile picha, nadhani wengi mmeshakutana nayo, Papa Yohane Paulo II kakaa kwenye kiti, na kwenye mgongo wa kiti, nyuma ya kichwa chake, kuna msalaba umegeuzwa juu chini. Grupu likawaka. Upande wa walokole wakasema si tunawaambiaga kila siku. Upande wetu Wakatoliki kimya, mjomba mmoja tu kajibu "picha imechezewa hiyo" halafu akapotea hewani mpaka leo.

Mimi nimebatizwa, nimepata komunyo, nimepata kipaimara, jumuiya naenda nikikumbushwa, na sijui cha kujibu. Picha ni ya kweli? Na kama ni ya kweli ule msalaba unatafuta nini pale?

#2 RangiTatu
Hakuna cha kuuliza hapo mkuu. Msalaba ukigeuzwa ni wa shetani, mtoto wa chekechea anajua. Filamu zote za mapepo unaona msalaba ukutani unajizungusha wenyewe. Tokeni kwake enyi watu wangu.

#3 Mama Kasula
Kwa hiyo siku hizi teolojia mnasomea kwenye filamu 😂

#4 KatekistaMstaafu
Tumsifu Yesu Kristo.
Kijana, picha ni ya kweli, mjomba wako aache uvivu. Ni tarehe 24 Machi 2000, Papa alikuwa hija Nchi Takatifu, akaadhimisha misa na vijana huko Korazim, kwenye mlima wa Heri, juu ya ziwa la Galilaya. Sasa jiulize ziwa lile alikuwa anavua nani. Petro! Na Papa ni mrithi wa nani. Petro! Na Petro alisulubiwaje. Kichwa chini miguu juu, kwa kuomba mwenyewe, akisema hastahili kufa kama Bwana wake. Kwa hiyo ule ni Msalaba wa Mtakatifu Petro. Ipo hadi kwenye Biblia, Yohana 21.

#5 RangiTatu
Mzee shikamoo. Yohana 21 nimeifungua sasa hivi. Mstari wa 18 Yesu anamwambia Petro ukiwa mzee utanyosha mikono yako na mwingine atakufunga na kukupeleka usikotaka. Mstari wa 19 unasema alionyesha kwa mauti gani atamtukuza Mungu. Kichwa chini iko wapi? Naomba mstari.

#6 KatekistaMstaafu
Marahaba. Kichwa chini ni Mapokeo.

#7 RangiTatu
Ahaaa. Mapokeo.

#8 Mzee wa Kumbukumbu
Naomba niingie hapa maana mnapigana na wote mmeshika nusu nusu.

Mlokole yuko sahihi, Biblia haisemi kichwa chini. Katekista naye yuko sahihi kwamba habari ni ya zamani sana, haikutungwa juzi. Ila tuwapange waandishi wa kale wa Kanisa kwa umri. Barua ya Klementi wa Roma, mwishoni mwa karne ya 1, inasema Petro aliteseka akaenda kwenye utukufu, namna gani haisemi. Tertuliani, mwanzoni mwa karne ya 3, anasema Petro alipata mateso kama ya Bwana wake, yani msalaba, lakini kugeuzwa hamna. Origene, karne hiyo hiyo ya 3, ndio anasema alisulubiwa kichwa chini na kwamba aliomba mwenyewe, na maneno yake tunayo kwa sababu Eusebio wa Kaisaria aliyanukuu kwenye historia yake ya Kanisa. Sasa angalia vizuri: Origene anasema ALIOMBA, sababu hasemi. Ile sababu ya "sistahili kufa kama Bwana wangu" tunaikuta kwa Mtakatifu Jeromu, mwishoni mwa karne ya 4. Hapo ni zaidi ya miaka 300 tangu Petro afe.

Kwa hiyo unyenyekevu tunaoimbiwa kila tarehe 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo, ni maelezo yaliyokuja nyuma ya tukio. Sijasema ni uongo. Nasema yamekuja nyuma.

#9 KijiweNongwa
Daah. Sasa kabla ya Jeromu watu walikuwa wanajua sababu ipi?

#10 Mzee wa Kumbukumbu
Ndio utamu ulipo mkuu. Kuna kitabu kinaitwa Matendo ya Petro, cha karne ya 2, hakimo kwenye Biblia, ni apokrifa. Ile hadithi ya Petro anatoroka Roma, anakutana na Yesu njiani anamuuliza Bwana unakwenda wapi, inatoka humo humo. Mwishoni Petro anawaambia wauaji mnisulubu kichwa chini, halafu akishatundikwa hivyo anaanza kuhubiri! Anahubiri akining'inia. Na anaeleza sababu: mtu wa kwanza, Adamu, alipoanguka alianguka kichwa mbele, na tangu hapo wanadamu tunaona kila kitu kinyume, kulia tunaita kushoto, kibaya tunaita kizuri. Kwa hiyo Petro kutundikwa juu chini ni mfano wa mwanadamu alivyo, aliyepinduka.

Unyenyekevu haumo kabisa kwenye hotuba hiyo. Maana yake ni sisi ndio tuko juu chini, yeye anatuonyesha tu.

#11 ShostiWaUbungo
Nimeisoma mara tatu hiyo na nimekaa chini

#12 Mama Kasula
Na kwenye kitabu hicho hicho Petro hauawi kwa sababu ya Kaisari Nero kama mnavyofundishwa. Kuna mkuu wa mji anaitwa Agripa alikuwa na masuria wanne, wakaenda kusikiliza mahubiri ya Petro wakarudi wakamwambia mzee kuanzia leo hatulali na wewe. Rafiki yake Albino naye mkewe akamfanyia hivyo hivyo. Hapo ndio Petro akatafutwa. Nero alikuja kukasirika baadaye, tena alikasirika kwamba Agripa amemuua bila kumshirikisha, yeye alitaka amtese zaidi.

#13 Bwana Sheria
Hahahaha kwa hiyo kesi ni ya unyumba.

#14 KatekistaMstaafu
Kitabu hicho Kanisa halikukikubali. Msiwape vijana vitu vya kuwachanganya.

#15 Mama Kasula
Kanisa halikukikubali kama Neno la Mungu, lakini wachoraji walikipenda, na Kwo vadis, ile ya "Bwana unakwenda wapi", tunaisimulia kila Kwaresima. Huwezi kula ukoko ukakataa sufuria mzee wangu.

#16 mshamba_hachekwi
Mimi niwape maelezo ya tatu ambayo hayana utakatifu wowote. Warumi walikuwa wakatili basi. Seneka, mwanafalsafa aliyekuwa mwalimu wa Nero, kaandika kwamba kaona misalaba ya namna nyingi, wengine wanawatundika vichwa chini, wengine wanawapitisha mti sehemu za siri, wengine wananyosha mikono. Petro hakuomba chochote, walimgeuza kwa starehe zao, baadaye waumini wakatafuta maelezo mazuri. Kama mtu kafa kifo cha aibu ndugu zake lazima watafute namna ya kukisema.

#17 Bwana Sheria
Seneka kamtaja Petro?

#18 mshamba_hachekwi
Hapana. Anaongelea misalaba kwa ujumla.

#19 Bwana Sheria
Basi umethibitisha inawezekana, hujathibitisha ilitokea. Endelea.

#20 Mzee wa Kumbukumbu
Aongezewe ushahidi hata hivyo, maana hoja yake si nyepesi. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, anasimulia Yerusalemu ilipozingirwa na Tito, jemadari wa Kirumi, mwaka 70, askari walikuwa wanawapigilia mateka kwenye misalaba kila mmoja kwa mkao wake, kwa mzaha. Na Eusebio anasema kwenye mateso ya Misri kuna Wakristo waliosulubiwa vichwa chini wakaachwa hivyo mpaka wafe kwa njaa. Hao hakuna aliyesema waliomba.

#21 AtiNairobi
Wadau wa Bongo salimieni. Mnasahau mtume Filipo, yeye pia kwenye Matendo yake ya apokrifa alitundikwa kichwa chini huko Hierapoli, Uturuki ya leo, na hakuna mtu anaita huo msalaba wa Filipo. Kaburi lake wachimbaji walitangaza wamelipata 2011. Na Andrea, ndugu yake Petro, ndio yule wa msalaba wa X, ule uko kwenye bendera ya Skotilandi. Hiyo familia ya wavuvi kila mtu na msalaba wake aki.

#22 Mama Kasula
Na huo wa X wa Andrea umekuja kushika enzi za kati, picha za zamani zinamweka kwenye msalaba wa kawaida tu. Maandishi ya kale yanasema alifungwa kamba, hakupigiliwa misumari, ili akae muda mrefu.

#23 RangiTatu
Yote sawa, mmesoma. Lakini alama ikishachafuliwa imechafuka. Nani leo akiona msalaba juu chini anafikiria Petro? Niambieni ukweli. Mwanangu alinunuliwa mkufu wa mtumba soko la mnada, una msalaba mdogo umening'inizwa kwa chini, yani juu chini. Mama yake hakuuona. Kaenda nao ibada ya vijana, kiongozi kauona, ilikuwa kazi usiku mzima, maombi, mafuta, mkufu ukachomwa moto. Mtoto ana miaka 11 analia tu hajui kafanya nini. Mkufu wa elfu mbili.

#24 ShostiWaUbungo
Pole kaka. Masikini mtoto.

#25 mshamba_hachekwi
Pole. Ila hapo msichafue shetani bure, aliyekosea ni aliyetoboa kitundu upande wa chini.

#26 Mzee wa Kumbukumbu
Pole sana mkuu. Na swali lako ni la haki. Uchafu huo umri wake si mkubwa. Karne ya 19 kulikuwa na Mfaransa anaitwa Eugène Vintras, alijiita nabii, akavaa msalaba wa kugeuza kwenye mavazi yake ya ibada, kwa maana yake mwenyewe kwamba enzi ya mateso imekwisha na enzi ya upendo inaingia. Wapinzani wake wakasema hiyo ni alama ya shetani. Halafu zikaja filamu za kutisha za miaka ya 1960 na 1970, na bendi za muziki wa makelele, ikaota mizizi. Kabla ya hapo wachoraji wa Kanisa walikuwa wanamchora Petro kichwa chini juu ya altare na hakuna aliyetafuta mafuta ya upako.

Kuna tofauti moja ya kushika lakini: msalaba mtupu ukigeuzwa ni wa Petro. Msalaba wenye sanamu ya Yesu juu yake ukigeuzwa, hapo unamgeuza Yesu, na hiyo ni kufuru kwa dhehebu lolote.

#27 AliyewahiRoma
Nimewasoma tangu asubuhi kazini nimeshindwa kunyamaza. Nilikaa Roma miaka minne masomoni. Kama mnataka kuelewa hili jambo liangalieni kwa mchoraji Caravaggio, kanisa la Santa Maria del Popolo, kikanisa cha pembeni upande wa kushoto wa altare, picha ya 1601. Kuna giza, unatumbukiza sarafu kwenye kisanduku taa inawaka dakika chache halafu inazima pah, watalii wote wanaangaliana nani atoe sarafu nyingine. Mimi mwanafunzi, nilikuwa nasubiri Wajapani.

Sasa ile picha haina malaika, haina mwanga wa mbinguni, haina Nero. Ni mafundi watatu wanainua mti mzito wenye mzee juu yake. Mmoja anavuta kamba, mmoja kakumbatia mti kwenye miguu ya Petro, mmoja kainama chini anausukuma kwa mgongo, kalio limeelekea kwako wewe unayetazama, nyayo zimejaa vumbi. Sura zao karibu huzioni. Ni watu wako kazini. Na Petro ni babu, kifua cha mzee kabisa, kanyanyua kichwa anaangalia pembeni, mkono una msumari. Hafanani na mtu aliyeomba chochote, anafanana na mtu anayeshangaa kwamba ndio leo.

Michelangelo naye alichora tukio hilo hilo, kwenye kikanisa cha Paolina ndani ya Vatikano, kamaliza 1550 akiwa na miaka 75. Hapo watalii hawaingii, nimeona kwenye vitabu tu. Petro wake kajipinda kwenye msalaba anakugeukia anakukazia macho kwa hasira. Na kikanisa hicho makardinali ndio wanasali kabla ya kuingia kumchagua Papa. Yani kabla hujaenda kupiga kura unamulikwa na yule mzee.

#28 KijiweNongwa
Hii ya wanaoinua mti kuwa mafundi tu imenigusa, asante mkuu. Na alisulubiwa sehemu gani hasa? Maana kanisa lake liko Vatikano.

#29 AliyewahiRoma
Hapo napo kuna majibu mawili 😅 Wengine wanasema kilima cha Gianicolo, ndio maana msanifu Bramante alijenga kile kikanisa kidogo cha duara, Tempietto, 1502, na shimo wanakuonyesha kabisa hapa ndipo uliposimikwa. Wengine wanasema uwanja wa Nero pale pale Vatikano, karibu na ule mnara wa jiwe kutoka Misri. Mnara wenyewe mwaka 1586 msanifu Domenico Fontana aliuhamisha hadi katikati ya uwanja wa Mtakatifu Petro, watu kama 900 na farasi, kwa hiyo ukienda kusimama chini yake ukasema Petro alikufa hapa, umekosea mita zaidi ya mia mbili.

#30 MtotoWaMkunazini
Assalam aleykum nyote, na wasio wa dini yangu hamjambo. Mie si Mkristo lakini kuna jambo lenu la juu chini lipo kwetu Unguja, miye nimekulia nalo. Kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873 na jiwe la msingi likawekwa Krismasi mwaka huo huo. Ukiingia, nyuma kwenye mlango, kuna nguzo zimesimamishwa kichwa chini! Wasimuliaji wanasema askofu Steere, yule huyo aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, alisafiri, mafundi wakazisimika wanavyoona wao, aliporudi akazikuta hivyo akaziacha. Watalii wanapigwa picha nazo kila siku na hakuna aliyesema ni za shetani.

#31 mshamba_hachekwi
Huenda mafundi walisoma Matendo ya Petro 😂

#32 MtotoWaMkunazini
Walla. Na ndani mna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Zambia, mti ule uliozikwa chini yake moyo wa Livingstone. Huo umesimama sawasawa.

#33 Bwana Sheria
Mimi siamini hiyo ya mafundi kutojua. Fundi wa Unguja, mji wa mawe, asijue juu na chini ya nguzo? Wale walijua. Tuseme walikuwa na lao.

#34 MtotoWaMkunazini
Nguzo za huko kwetu ni nyengine bwana, hazina mapambo ya Kizungu ya kichwani. Ukiletewa kitu hujapata kukiona, na mwenyewe hayupo, utafanyaje? Utaweka upande mpana chini. Ndio akili.

#35 PatasiNaTindo
Salaam. Mimi ni fundi wa kuchonga, na huu uzi umenikuta na kidonda changu.

Miaka kama sita nyuma kigango kimoja, jina naliacha, somo wao, yani mtakatifu msimamizi, Petro Mtume, walinipa kazi ya kuchonga somo wao akisulubiwa, iwekwe ukuta wa pembeni. Tukakubaliana, advansi wakatoa. Nikatafuta gogo la mninga, nikachonga miezi miwili na nusu. Nikamfanya kichwa chini kama inavyotakiwa, upara, ndevu, na lile shuka la kiunoni nikalichonga linaning'inia kuelekea kifuani, maana kama mtu yuko kichwa chini nguo nayo inashuka, hiyo ndio ilinipa shida kuliko yote. Nikapiga msasa nikapeleka.

Mwenyekiti kaiona kasema nani kakwambia ugeuze msalaba. Nikamwambia mzee ndio Petro huyo. Akasema waumini hawataelewa, kuna watu walishaanza kuhama kigango kwa mambo madogo kuliko haya. Wakaniomba nichonge funguo mbili tu, zile za ufalme, basi. Nikazichonga siku tatu. Pesa iliyobaki ya Petro sikulipwa na advansi wakaihesabu ndio malipo ya funguo.

#36 Mama Kasula
Yani kaka, pole. Mimi nadarizi makasula ya mapadri, najua hilo. Wanataka alama wanazozijua tu, njiwa, zabibu, ngano. Nilishawahi kumdarizia padri mmoja Bartolomeo ameshika ngozi yake mkononi, maana alichunwa, kama alivyo kwenye Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo. Akaniuliza kwa nini huyu mtume kashika suruali.

#37 ShostiWaUbungo
😂😂😂😂 suruali

#38 KatekistaMstaafu
Fundi pole. Mwenyekiti angeniuliza mimi ningemweleza. Ingawa na mimi nakiri leo asubuhi nilikuwa najua sababu moja, sasa ninazo tatu, na misa ya Petro na Paulo nimeifundisha miaka 22.

#39 RangiTatu
Mzee usitishike, chagua ile ya Jeromu, ndio yenye roho nzuri.

#40 mshamba_hachekwi
Mlokole anamshauri katekista afuate Mababa wa Kanisa. Uzi ufungwe.

#41 KijiweNongwa
Usifungwe bado. Nimempelekea shemeji maelezo ya #8 na #10. Kajibu "kwa hiyo mnakubali kimetoka kwenye kitabu ambacho hakimo kwenye Biblia". Kisha mjomba karudi hewani kasema picha imechezewa.

Fundi, huyo Petro wako yuko wapi sasa?

#42 PatasiNaTindo
Yuko karakana, kaegemea ukuta. Kwa vile upande wa kichwa msalaba ni mfupi hakai vizuri, ikabidi nimgeuze, miguu chini. Sasa kasimama kama msalaba wa kawaida, ila lile shuka limeruka juu kifuani kama limepigwa na upepo kutoka chini. Wateja wananiuliza mbona Yesu wako mzee na ana upara. Mwezi uliopita alikuja mchungaji mmoja kampenda, kasema hilo shuka ni upepo wa Roho Mtakatifu, hajawahi kuona. Anataka kumnunua.

#43 Bwana Sheria
Umemwambia ni nani?

#44 PatasiNaTindo
Kaniuliza bei. Nikamwambia arudi Jumamosi, maana bado sijaamua namuuzia kwa bei ya Petro au ya Yesu.